Kisanduku kinacholipa msomaji akikosa jibu

Hela ya kwanza niliyoipata kwenye kisanduku cha kutafutia ilitoka kwa mtu aliyeandika neno moja tu: incubator. Tovuti yangu ni ya ufugaji wa kuku, kwa Kiswahili, naiendesha nikiwa Morogoro. Wakati ule ilikuwa na makala za kutosha kuhusu magonjwa, chakula, mabanda na malezi ya vifaranga, lakini kuhusu mashine za kutotolesha sikuwa nimeandika hata aya moja. Msomaji huyo akatafuta, kwangu akakosa, juu ya matokeo akakuta tangazo la mtu anayeuza mashine hizo, akalibofya, akaenda zake. Mimi nikaandikiwa senti kadhaa za dola.

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Senti ni senti, hasa ikiingia huku umelala. Ila kadiri nilivyokaa na kisanduku kile ndivyo nilivyozidi kuona kwamba hela yake karibu yote inakuja kwa njia ileile. Msomaji akipata jibu kwangu, anasoma, anaridhika, na kisanduku hakiniletei kitu. Akikosa, anaondoka kupitia mlango wa tangazo, na hapo ndipo ninapolipwa. Sijawahi kuona biashara nyingine inayomlipa mwenye duka kwa kila mteja anayetoka mikono mitupu.

Kabla sijafika huko niueleze mtambo wenyewe, maana wenzangu wenye tovuti huniuliza kana kwamba kuna siri.

WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, inakuja na kisanduku chake cha kutafutia, na wengi wetu tulianza nacho. Hakina tangazo, hakina hela, na kwa muda mrefu hakikuwa na akili pia: hadi mwaka 2013, lilipotoka toleo la 3.7, kilikuwa kinapanga matokeo kwa tarehe tu, jipya juu, la zamani chini. Siku hizi kinaangalia kwanza makala yenye maneno hayo kwenye kichwa. Lakini bado kina tabia moja inayomuumiza msomaji wetu: kinataka kila neno alilolitaja liwemo kwenye makala. Mfugaji haandiki kama mtu wa maktaba. Anaandika "kuku wangu wanakohoa usiku nifanyeje". Kama makala yangu ya mafua ya kuku haina neno "nifanyeje", kisanduku kinamjibu kwamba hakuna kitu, wakati kitu kipo, tena kirefu.

Na hapo hujagusa bado jinsi maneno yetu yanavyobadilika mwanzoni. Makala inasema "anakohoa", msomaji ameandika "wanakohoa". Kwa kompyuta inayolinganisha herufi kwa herufi, hayo ni maneno mawili yasiyojuana. Mtu akiandika "kohoa" peke yake atapata yote, lakini nani anaandika "kohoa"?

Kwa hiyo nilipohamia kisanduku cha Google, sababu ya kwanza haikuwa hela. Nilitaka watu wapate makala. Huduma hiyo ilianza Oktoba 2006 kwa jina la Custom Search Engine, sasa inaitwa Programmable Search Engine. Unafungua ukurasa wao, unataja tovuti unayotaka itafutwe, unapewa msimbo wa mistari miwili mitatu wenye namba yako ya utambulisho, wao wanaiita cx. Unaubandika pale unapotaka kisanduku kitokee. Kwa mtu anayejua kubandika video kwenye ukurasa, kazi yote haizidi muda wa kuchemsha chai. Kinachotafutwa ni ghala lilelile la Google, ila limewekewa uzio lisitoke nje ya tovuti yako. Maana yake pia ni kwamba makala uliyoichapisha asubuhi haitatokea kwenye kisanduku chako mwenyewe mpaka Google wapite waione. Nilishapigiwa simu na watu wakitafuta makala niliyoitangaza saa mbili kabla, na kisanduku changu mwenyewe kinakana kuijua.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuhusu matangazo. Kisanduku hicho cha bure kinakuja nayo. Ukiunganisha akaunti yako ya AdSense, mpango wa Google wa kuwalipa wenye tovuti kwa matangazo, unagawiwa mapato. Usipounganisha, matangazo yanatokea vilevile juu ya matokeo yako, ila hela yote inabaki kwao. Taasisi zisizo za faida, shule na serikali ndizo zinazoruhusiwa kuyazima. Nimewahi kukuta tovuti za watu makini kabisa, zina kisanduku hicho mwaka wa ngapi sijui, mwenyewe anadhani hajaweka tangazo popote. Ukimwonyesha, anashika kichwa.

Mgawo wenyewe unajulikana. Mwaka 2010 Google walitangaza hadharani kwamba kwenye matangazo ya ndani ya kurasa mwenye tovuti anapata asilimia 68 ya mapato, na kwenye utafutaji asilimia 51. Kwa hiyo mtangazaji akilipa dola 1 kwa mbofyo uliotokea kwenye kisanduku chako, senti 51 ni zako. Tofauti ya mafungu hayo mawili inaeleweka ukifikiria kidogo: kwenye utafutaji, mtambo wa kutafuta ni wao, wewe umeleta mtu na mlango.

Malipo hayaji mpaka ufikishe dola 100. Ukigusa dola 10 wanakutumia barua ya posta yenye namba ya siri, uiingize kwenye akaunti kuthibitisha kwamba anwani ni ya kweli. Barua ya karatasi! Mimi sina S.L.P., nani ana S.L.P. siku hizi? Nilitumia ya shule ya msingi anakofundisha dada yangu. Barua ilipofika, mwalimu mkuu alimwita ofisini akamuuliza kama ana mpango wa kuhama nchi. Baada ya hapo hela inatumwa benki kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi, ukiwa umefikisha kiwango. Kama hujafikisha inasubiri, na ya kisanduku peke yake imesubiri sana.

Imesubiri kwa sababu ya mnada. Kila mtu anapoandika neno na kubonyeza kitufe, nyuma ya pazia unapigwa mnada wa wenye matangazo wanaolitaka neno lile. Wakiwa wengi, bei inapanda. Akiwa mmoja, anachukua kwa bei ya kutupa. Asipokuwepo mtu, hakuna tangazo na hakuna hela. Wasomaji wangu wanaandika "banda la kuku 100", "chakula cha kuku wa mayai", "kuku kudonoana". Ni nani amesimama mnadani kununua "kuku kudonoana"? Hakuna. Duka la pembejeo la Msamvu, hapa Morogoro, lina bango la mbao na namba ya simu, halijui hata kama maneno haya yanauzwa. Wanaonunua ni wauzaji wa mashine walioko nje ya nchi, na wao wananunua neno la Kiingereza.

Na kweli, nilipoanza kupanga mapato kwa nchi, sehemu kubwa ilitoka kwa wasomaji waliokuwa mbali: Muscat, Uingereza, Marekani. Ni Waswahili wenzetu, wanajenga banda nyumbani kwa mama, wanatafuta wakiwa ughaibuni kwenye mtandao ambako watangazaji wanagombania kila neno. Mbofyo mmoja wa huko uliweza kushinda wiki nzima ya mibofyo ya Morogoro, Dodoma na Mbeya ikijumlishwa. Hapo ndipo unapojua kwamba kisanduku hakipimi wingi wa wasomaji. Kinapima mtangazaji anamtaka nani.

Kuna watu huwa wananitajia Firefox kama mfano. Ni kweli, kile kisanduku kidogo kilichokuwa juu kulia kwenye kivinjari cha Firefox kililisha taasisi nzima: mwaka 2005 Mozilla iliingiza zaidi ya dola milioni 50, na sehemu kubwa ilitoka kwa Google kwa ajili ya utafutaji. Lakini kwenye kivinjari mtu anatafuta kila kitu, viatu, tiketi za ndege, bima. Kwangu anatafuta kwa nini jogoo halipandi. Tusijilinganishe na tembo kwa sababu sote tuna masikio.

Sasa nije kwenye maneno yenyewe, kwa sababu huko ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko kwenye dashibodi ya hela.

Nilichagua mpangilio wa kurasa mbili: kisanduku kinakaa kila ukurasa, matokeo yanafunguka kwenye ukurasa wake maalumu. Faida yake ni kwamba neno alilotafuta mtu linaonekana kwenye anwani ya ukurasa ule, kwa hiyo programu ya takwimu inaweza kuliokota na kulihesabu. Orodha hiyo niliizoea kuisoma usiku, simu mkononi, kama watu wengine wanavyosoma magazeti. Ukiipanga kwa saa inaonyesha siku ya mfugaji ilivyo. Asubuhi: "bei ya trei ya mayai leo", "kuku hawatagi". Mchana: "bei ya kifaranga cha kuroiler", "mkopo wa ufugaji". Kuanzia saa mbili usiku yanageuka: "kifaranga anasinzia", "kuku anaharisha kijani", "kuku amepinda shingo", "vifaranga wanakufa ghafla", "vifaranga wanakufa mmoja mmoja". Haya ya usiku yanaandikwa haraka, yana herufi zilizorukwa, na mara nyingi mtu huyohuyo anatafuta mara tatu kwa maneno tofauti. Huyo mtu yuko bandani na tochi ya simu.

Baadaye nililinganisha maneno hayo na mapato, na picha ikawa wazi. Maneno ya mchana, ya bei na vifaa, yalikuwa machache lakini matangazo mengi yalitoka humo. Maneno ya usiku yalikuwa mengi, na karibu yote hayakuwa na tangazo. Karibu yote. Hayo machache yaliyokuwa nalo ndiyo yaliyonifanya nibadilishe kila kitu.

Alinipigia mama mmoja wa Kilosa. Namba yangu iko chini ya kila ukurasa, kwa hiyo simu za wageni si jambo la ajabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa kuku?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nimeandika kwenye kile kidirisha chako, dawa ya mdondo. Ikaja juu kabisa. Mjukuu wangu kabonyeza, tukapelekwa kwa watu wa Kizungu, wanataka namba ya kadi. Hiyo dawa ni shilingi ngapi ya kwetu?"

Nilimwomba asubiri nifungue mwenyewe. Niliandika neno lilelile kwenye simu ya dada, nisije nikahesabiwa najitafutia. Tangazo lilikuwepo: chupa, jina la kupendeza, kuku mweupe mwenye afya, maneno ya kuimarisha na kuponya. Chini yake, matokeo ya kwanza ya tovuti yangu, makala inayosema kwa herufi nzito kwamba mdondo, yaani kideri, hauna dawa.

Na hauna kweli. Kideri ni virusi. Kuku akishaanza kuharisha kijani, kushusha mabawa na kupinda shingo, hakuna kitu cha chupani kitakachomrudisha. Kinachofanyika ni kutenga wagonjwa, kufukia mizoga kwenye shimo refu, kusafisha banda na kulinda kundi lijalo kwa chanjo. Chanjo yenyewe ya I-2, inayotengenezwa hapahapa nchini, Kibaha, inawekwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3, na kwa kuku mmoja gharama yake ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya huyo kuku mezani. Mama yule alikuwa amebakiwa na majike wanne. Alikuwa tayari kutoa hela ya majike mawili kununua kitu kisichomsaidia, na sehemu ya hela hiyo, angalau ile ya mbofyo wa mjukuu, ilikuwa inakuja kwangu.

Tuliongea karibu nusu saa. Nilimwelekeza kwa afisa mifugo wa kata yake.

Sisemi wenye tangazo walivunja sheria; bidhaa ya kuimarisha mwili wa kuku ni bidhaa halali kuuzwa. Naweza pia kuzuia anwani ya mtangazaji mmoja mmoja kwenye akaunti, na huyo nilimzuia usiku uleule. Lakini ukimzuia huyu anakuja mwingine, maana neno lenye "dawa" ndani yake linavuta wauza dawa, iwe dawa ipo au haipo. Tatizo lilikuwa kwamba kisanduku kile kinakusanya watu wa namna mbili mlangoni na kuwapa kitu kilekile. Mmoja anataka kununua na ana muda wa kulinganisha bei. Mwingine kuku wanakufa. Huyu wa pili ndiye anayebofya bila kufikiri, na kwa hesabu ya kibiashara tu, ndiye mteja bora wa kisanduku.

Kwa hiyo nikavitenganisha. Sehemu yote ya magonjwa na chanjo nikaondoa kisanduku cha Google, nikarudisha kile cha WordPress, hakina tangazo hata moja. Udhaifu wake nikaufidia kwa mkono: kila makala ya ugonjwa nimeiwekea vichwa vidogo vilivyoandikwa vilevile wafugaji wanavyoandika usiku. "Kuku anaharisha kijani." "Kuku anaharisha damu." "Vifaranga wanasinzia na kushusha mabawa." Chini ya kila kichwa kuna maelezo ya nini cha kufanya sasa hivi kabla hata ya kutaja jina la ugonjwa. Umoja na wingi nimeviweka vyote, anakohoa na wanakohoa, bila kuifanya makala isomeke kama kasuku. Ilikuwa kazi ya jioni nyingi, tena ya kuchosha, na naona ndiyo kazi bora niliyowahi kuifanya kwenye tovuti ile.

Kisanduku chenye matangazo kikabaki kwenye sehemu ya vifaa na masoko. Huko mtu akiletewa tangazo la mashine ya kutotolesha au vyombo vya maji, anajua anachotazama.

Mapato yalishuka kidogo, kisha yakakaa palepale, jambo lililonithibitishia kwamba magonjwa hayakuwa yakileta kitu cha maana zaidi ya aibu.

Likabaki swali la incubator. Nilikuwa najua neno gani linaniletea hela, na nilikuwa najua linaleta kwa sababu sijaandika. Nikiandika makala nzuri kuhusu mashine za kutotolesha, zipi za mafuta ya taa na zipi za umeme, joto linavyotakiwa kukaa kwenye nyuzi 37 na nusu, mayai yageuzwe mara ngapi kabla ya siku ile ya 18, umeme ukikatika ufanye nini, msomaji atasoma, atabaki, na kisanduku kitalala njaa. Rafiki yangu mmoja mwenye tovuti ya magari alinishauri niache pengo lile lilivyo. Yeye ana mapengo ya makusudi kabisa, anayaita mashamba.

Niliandika. Si kwa utakatifu. Nilipiga hesabu: makala ikiwepo, watu wanaotafuta jambo hilo kwenye Google yenyewe wataletwa kwangu moja kwa moja, wengi kuliko wale wachache waliokuwa tayari ndani wakitumia kisanduku. Na matangazo ya ndani ya ukurasa mgawo wake ulikuwa ule wa asilimia 68. Ndivyo ilivyokuwa. Makala hiyo peke yake imezidi kisanduku kizima, na inaendelea kuzidi. Kisanduku kilikuwa kimenionyesha pa kuchimba. Kuendelea kuokota senti kwenye shimo badala ya kulifukia kungekuwa uvivu.

Kuhusu masharti sitakaa sana, ila yasome. Huruhusiwi kumjazia msomaji neno kwenye kisanduku kabla hajaandika mwenyewe. Huruhusiwi kuweka kiungo kinachompeleka mtu moja kwa moja kwenye ukurasa wa matokeo, kwa mfano kitufe cha "Bofya uone bei za vifaranga" ambacho kwa ndani ni utafutaji uliotengenezwa tayari. Kuna mtu alinishawishi sana juu ya mbinu hiyo, akaniapia inalipa. Inalipa mpaka siku akaunti inafungwa. Kubofya matangazo yako, au kuwaomba jamaa wakusaidie kubofya, hilo hata mtoto anajua.

Kilicholeta tofauti ni mahali pa kukiweka. Kwenye simu, na karibu wasomaji wangu wote wako kwenye simu tena kwa bando la kuhesabu, kisanduku kilichofichwa nyuma ya picha ya lenzi kule juu hakipo. Watu hawaigusi ile lenzi. Wengine wanadhani ni ya kukuza maandishi. Nilikihamishia mwisho wa makala, kikiwa wazi, na maneno "Hujapata ulichokuwa unatafuta? Andika hapa". Utafutaji ukaongezeka sana, kwa sababu anayefika mwisho wa makala bila jibu ndiye mwenye haja nacho. Mtu anayeanza kusoma hana haja ya kutafuta, ameshaletwa.

Hela hii si ya kuendeshea tovuti, niseme wazi. Mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipokuja na ada ya leseni ya shilingi milioni moja kwa mwaka, tulioendesha tovuti ndogo tulikaa chini tukaanza kuuliza kila kipande kinaleta nini. Wengi walifunga. Mimi na dada tulichangishana. Kisanduku, kwa mwaka wake mzuri kabisa, kisingelipa hata robo ya ada ile, na mwenye kutegemea zaidi ya hapo atakuwa na tovuti ya mada nyingine: bima, mikopo, safari, vitu ambavyo watangazaji wanapigania kwa Kiingereza.

Lakini orodha ya maneno ina matumizi mengine, na hapo ndipo nilipo sasa. Neno linaloongoza sehemu ya masoko, mwezi hadi mwezi, ni "bei ya kifaranga cha kuroiler", yaani kuku chotara wa nyama na mayai, na halijawahi kuwa na tangazo hata moja. Watu wanataka kununua, muuzaji yupo, ila hayuko mnadani. Nimefungua ukurasa wa watotoleshaji kwa mikoa, wenye bei, siku ya kutolewa vifaranga na chanjo walizopata kabla ya kuuzwa, kwa sababu kifaranga wa siku 7 asiyechanjwa kideri simtaki kwenye tovuti yangu kwa bei yoyote. Watotoleshaji wawili tayari wanalipia nafasi zao kwa M-Pesa, kila mwezi, bila barua ya posta.

Wa tatu yuko Kihonda, hapahapa Morogoro. Ameniambia hatoi hela mpaka aone wangapi wanatafuta kwa wiki, na wangapi kati yao wako Morogoro. Ni ombi la haki. Nimeshachapisha ripoti, kurasa mbili, na Jumatatu naipeleka pamoja na bei yangu.